Neno Alilolipokea Anyango

Anyango hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomponza maisha yake yote. Ukimkanyaga sokoni, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Alikuwa na kibanda cha viatu Kamukunji, Nairobi, na mume aitwaye Simiyu, fundi wa redio, mpole kama yeye, hata majirani wakawa wanajiuliza hawa wawili wakikosana huwa inakuwaje. Mwaka wa tisini na nane, wachuuzi wa Nairobi walipogundua kwamba viatu vilivyoitwa vya Dubai kumbe vilikuwa vya China tangu mwanzo, Anyango naye alikata tiketi akaenda Guangzhou kujionea. Mwaka huo huo akaenda tena. Safari tunayoisimulia ni hiyo ya pili, ya kufuata viatu vya shule vya Januari, na aliifanya akiwa na mimba ya miezi minne na ushee.

Usiniulize alikuwa akifikiri nini. Ningekuwa shemeji yake ningelala mlangoni asitoke. Daktari alimwambia asibebe kitu kizito. Hakusema asipande ndege, na Anyango hakumuuliza, kwa sababu jibu alilijua. Mimba tatu zilikuwa zimemtoka kabla ya hii, zote zikiishia mwezi wa tatu. Hii ilikuwa imevuka hapo, na kuvuka huko kulimpa ujasiri wa ajabu, akajiona ameshashinda.

Zile tatu hakuna aliyezililia. Mama mkwe alimwambia hakikuwa mtu bado. Majirani walimwambia pole, pole ile ile anayoambiwa mtu aliyejikwaa. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulalamika, kila mara kesho yake alikuwa amefungua kibanda, leso kiunoni, anauza. Damu bado inamtoka, yeye anamwambia mteja kiatu hiki ni ngozi halisi.

Guangzhou alifikia mtaa wa Xiaobei, kwenye gesti ya ghorofa tatu iliyojibanza nyuma ya maduka ya jumla. Mwenye gesti alikuwa mjane mfupi mwenye sauti kali, ambaye wageni wote walimwita Mama Liang. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu aliyofundishwa na wapangaji: jambo, kesho na hapana. Alikitumia chote kila siku. Kichina cha Anyango nacho kilikuwa cha sokoni tu: kuuliza bei, kusema ghali, na lile neno la kukatalia, buxing, yaani haiwezekani. Kwa mali hiyo ndogo wanawake hawa wawili waliweza kusalimiana, kukosana na kupatana.

Ghorofa ya pili alikaa Kariuki, Mkenya mwenzake, mnunuzi wa mikoba. Kariuki aliwahi kusomea uchungaji akaacha katikati, hakuna aliyejua kwa nini. Kilichobaki ni kamusi ya Kiebrania isiyo na jalada na mdomo usiochoka. Kila Jumapili alasiri aliwakusanya Wakristo wachache chumbani mwake, wakafunga pazia, wakaimba kwa sauti ya chini, kisha akawapa neno. Na neno la Kariuki lilikuwa neno kweli, moja tu, la Kiebrania. Alilichambua kama mchele wenye mawe.

Jumapili ya kwanza ya Anyango, Kariuki alisoma habari za wale wanawake wawili waliogombania mtoto mbele ya mfalme. Kila mmoja amezaa, mtoto wa mmoja amekufa usiku, na sasa wote wawili wanadai aliye hai ni wake. Mfalme akaagiza upanga, mtoto akatwe vipande viwili wagawane, ndipo mama mwenye mtoto akapiga kelele kwamba afadhali apewe mwenzake mradi mtoto aishi.

"Hapo sasa," Kariuki akasema, kidole juu. "Biblia yetu inasema mama huyo aliona huruma. Kiebrania, ndugu zangu, kinasema rahamim zake ziliwaka moto. Rahamim ndiyo rehema. Na rahamim inatokana na rehem. Mnajua rehem ni nini?"

Watu wakatazamana.

"Ni tumbo la uzazi."

Wanaume waliokuwepo wakaanza kutazama sakafu kwa bidii. Kariuki hakujali. Akaendelea kwamba neno hilo hilo ndilo analotumia Mungu juu yake mwenyewe. Kwamba Mungu akisema anakurehemu, anakuhurumia kwa tumbo, kama mama. Akaongeza kwamba hata shalom tunayoimba kila siku si kimya tu cha kukosa kelele. Shalom ni kitu kuwa kizima, kisipungukiwe.

Anyango alihisi mwili wote umemsisimka. Kwetu mtu akiguswa na neno hasemi limenipendeza. Anasema nimelipokea, kama vile mzigo umefika na jina lake limeandikwa juu. "Nimelipokea," akasema kimoyomoyo, mkono juu ya tumbo. Wiki hiyo hiyo mtoto alikuwa ameanza kucheza. Mungu ana tumbo, mimi nina tumbo, na neno limenijia leo. Hii haiwezi kuwa bahati nasibu. Huyu atakaa.

Basi tangu jioni hiyo akaacha kujitunza. Kwa nini ajitunze wakati anatunzwa? Alikuwa akipanda teksi, akaanza kutembea. Alikuwa akimlipa mtu wa mkokoteni ambebee sampuli, akaanza kuzibeba mwenyewe. Ukimwambia apumzike anacheka, anasema wewe hujui alilonalo.

Alhamisi alikwenda Zhanxi, kwenye soko la viatu karibu na stesheni ya reli, akifuatana na Sihaba. Sihaba alikuwa Mzanzibari wa chumba cha jirani, mnunuzi wa vitambaa na mapambo ya harusi, mwenye kukijua Kichina kuliko wageni wote wa gesti ile kwa sababu alipenda kugombana na hakutaka kugombana kwa mkalimani. Soko lilikuwa limefurika, mikokoteni inakwaruza visigino vya watu, wenye maduka wanapiga makofi kuita wateja. Anyango aliinama kukagua soli. Alipoinuka aliushika ukingo wa meza, akashusha macho, akaona sakafu.

"Samahani," akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili. "Nimekuchafulia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema siku hiyo. Sihaba alimpeleka hospitali, akagombana na kila aliyesimama kati yao na daktari, akashinda magomvi yote, lakini mtoto hakuokoka. Alikuwa mvulana. Nesi alimwambia Sihaba, na Sihaba akamwambia Anyango, maana aliona si haki mtu mwingine ajue na mama yake asijue.

Jioni walirudi gesti taratibu, mmoja amemkumbatia mwenzake. Mama Liang alikuwa mezani pake mlangoni. Sihaba akamweleza kwa maneno machache. Mama Liang hakusema jambo wala hapana. Alimtazama Anyango kuanzia kichwani hadi miguuni, akainuka, akaingia jikoni.

Kesho yake alfajiri Sihaba aliondoka kwenda kiwandani mji wa pili, safari iliyokuwa imepangwa zamani, akamwachia Anyango matunda na kumwambia asijisumbue. Anyango alijibu ndiyo. Sihaba alipokwisha kuondoka, akainuka, akafunga leso, akachukua mkoba ili aende Zhanxi. Viatu vya shule havitajikagua. Na isitoshe, ndivyo alivyofanya siku zote.

Akafungua mlango, akakutana uso kwa uso na Mama Liang akiwa na sinia.

"Hapana," akasema Mama Liang.

"Naenda sokoni."

"Hapana! Buxing!" Akamsukuma ndani kwa sinia lile lile, akamkalisha kitandani, akamvua viatu, akaondoka navyo.

Anyango alidhani hakuona vizuri. Kabla hajamaliza kushangaa, Mama Liang amerudi. Akafunga dirisha, akalikaza kwa taulo ili upepo usipenye. Akachukua feni, na Oktoba ya Guangzhou si ya mchezo kwa joto. Akaenda bafuni akachukua ndoo ya maji na sabuni. Akamvisha soksi nene, akamfunga kichwa kwa kitambaa cha sufi kama mtu wa Limuru kwenye baridi ya Julai. Kisha akampa bakuli la kitu cheusi kilichonukia tangawizi, chenye sukari guru, mayai na tende nyekundu, akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka bakuli likawa tupu. Akatoka na kuvuta mlango.

Sasa mtu afikirieje? Anyango alifikiri kila kitu. Kwanza alidhani anaadhibiwa kwa kuchafua mashuka. Mbona basi amepewa mashuka mapya? Akadhani ameonekana ana ugonjwa wa kuambukiza. Mbona basi mwanamke huyu anamshika kwa mikono mitupu na kumpangusa jasho? Akadhani amevunja mwiko wa nyumba, anatengwa hadi watu waje wamtakase. Mchana likaja bakuli jingine, supu ya kuku mwenye nyama nyeusi tii, na hapo akaogopa hasa. Kuku mweusi! Kwao kuku mweusi akitajwa, watu hushusha sauti. Akaomba, akainywa. Ilikuwa tamu.

Habari zilimfikia Kariuki, naye akapanda ghorofani na kamusi kwapani kwenda kumfariji dada yake katika Bwana. Alipogonga tu, Mama Liang alitokea na ufagio. Mwanamume kwenye mlango ule? Alimshushia ufagio wa bega, wa pili wa mgongo, Kariuki akawa anarudi nyuma akisema, "Mama, mimi ni mtu wa Mungu, mimi ni mtu wa Mungu!" Mama Liang alipoitwa chini na simu, mtu wa Mungu akanyata tena hadi mlangoni, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Dada Anyango! Bwana asifiwe! Wamekufunga?"

"Sijui," Anyango akajibu kutoka ndani. "Labda."

"Usiogope. Kuna neno lingine, hesed, linamaanisha upendo ule usiokata tamaa hata..."

"Kariuki."

"Naam, dada."

"Rudisha neno lako."

"Lipi?"

"Rahamim. Nililipokea nikadhani ni langu. Nikatembea nalo mjini nikibeba mizigo, nikasema Mungu amelishika tumbo hili. Lichukue uende nalo."

Kariuki akakohoa. Akasema njia za Bwana hazichunguziki. Anyango akamwacha amalize, kisha akamuuliza jambo lililokuwa limemkaa kooni tangu hospitali.

"Wale wanawake wawili mbele ya mfalme. Mmoja mtoto wake alikuwa hai, huyo ndiye rahamim zake ziliwaka. Na yule mwingine?"

"Yule mwongo?"

"Yule aliyefiwa! Amezaa juzi, mtoto amemfia kifuani, na badala ya kuwa kitandani amesimama kortini. Mfalme hakumwambia pole. Mwandishi hakumwambia. Wewe ulitusomea Jumapili nzima na hukumwambia. Tumbo lake halikuwa tumbo?"

Nje zikasikika kurasa za kamusi zikifunuliwa upesi upesi. Zikafunuliwa tena. Hatimaye zikaacha.

"Dada," Kariuki akasema polepole, "hilo sijui."

Akaifunga kamusi. Akashuka ngazi. Lakini nimtendee haki: alasiri hiyo hiyo alikwenda Zhanxi, akatafuta duka alilokuwa akinunua Anyango, akaanza kukagua viatu vya shule kimoja kimoja, yeye asiyejua viatu. Hakumwambia mtu.

Siku zikapita, na kuchanganyikiwa kwa Anyango kukazidi badala ya kupungua. Alikuwa akilishwa mara tano kwa siku. Akitaka kunawa, Mama Liang anamletea maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi na kumpangusa mwenyewe, akimfokea muda wote. Akitaka kufungua dirisha, anafokewa. Akikaa tu, anafokewa alale. Usiku joto linamfanya alowe, na gizani anamuuliza Mungu maswali mafupi. Umeniona? Ulikuwa wapi? Huyu mwanamke anataka nini? Hakujibiwa hata moja. Alijaribu kusema shalom, likamkwama. Kitu kizima kisichopungukiwa, naye amepungukiwa wanne.

Asubuhi moja aliamua yatosha. Alivua soksi, akashuka ngazi peku, ameshika mkoba. Alifika ngazi za ghorofa ya kwanza Mama Liang akamwona, akapiga ukelele uliowatoa wapangaji vyumbani. Alipanda mbio, akazivua ndara zake mwenyewe akamvisha Anyango, akabaki yeye peku kwenye saruji, akimvuta juu.

Na hapo jambo likatokea. Anyango, yule wa kuomba radhi akikanyagwa, alipanua mdomo akapaza sauti. "Niache! Mimi si mfungwa wako! Unanitakia nini? Nimekukosea nini? Kila mtu ananiambia nyamaza, kila mtu ananiambia endelea, sasa wewe unaniambia lala! Nilale kwa nini? Nimefanya nini cha kulalia?" Alifoka kwa Kiswahili, akafoka kwa Kijaluo, akafoka mpaka sauti ikakwaruza. Mama Liang naye alimfokea kwa Kikantoni, hatua kwa hatua, hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Walipochoka wote wawili walikaa kwenye ngazi wakitweta. Kisha Mama Liang akamshika kiwiko akampandisha chumbani, naye akakubali kwa kuwa hakuwa na nguvu iliyobaki.

Sihaba alirudi jioni hiyo. Alimkuta rafiki yake amefungwa sufi kichwani, dirisha limezibwa, uso unang'aa jasho.

"Khaa! Ndiyo nini hii, mwenzangu? Kakufungia?"

"Muulize, Sihaba. Nakuomba muulize. Sielewi chochote."

Mama Liang alikuwa ameingia na bakuli. Sihaba akamgeukia, tayari kwa vita, akauliza kwa ukali. Mama Liang akajibu kwa maneno mengi, mkono mmoja na bakuli, mwingine unapaa. Kadiri alivyosema ndivyo mabega ya Sihaba yalivyoshuka.

"Anasema nini?"

"Anasema wewe mzazi."

"Nini?"

"Mzazi, bibiye. Umezaa. Kwao mwanamke akizaa hukaa ndani mwezi mzima, hapigwi na upepo, hagusi maji ya baridi, hafanyi kazi, analishwa tu. Ndiyo ile arubaini yetu. Wallahi na mimi mjinga, nimeona soksi nisielewe."

Anyango alitikisa kichwa. "Mwambie amekosea. Mwambie sikuzaa. Mwambie mtoto hayupo."

Sihaba alisita, akasema. Mama Liang akajibu kwa ufupi, akajipiga tumbo lake mwenyewe kwa kiganja.

"Anajua hayupo," Sihaba akafasiri. "Anasema mtoto hayupo, lakini tumbo limezaa. Limebeba, limeuma, limefunguka, limemwaga damu. Ati unataka liambiwe halikufanya kitu?"

Anyango alikuwa anatazama mikono yake. Alipozungumza, ilikuwa ni sauti ndogo sana.

"Muulize na wale wengine watatu."

"Watatu wepi?"

"Kabla ya huyu. Sikulala hata siku moja, Sihaba. Nilifungua kibanda."

Sihaba hakuwa amewahi kuambiwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafasiri kwa kuinua vidole vitatu. Mama Liang akaweka bakuli chini. Kisha akasema taratibu, akimtazama Anyango na si mkalimani.

"Anasema mzazi ambaye hakulala uzazi uliopita, hulazwa kwenye uzazi unaofuata, ndivyo kwao wanavyotibu," Sihaba akasema. "Kwa hiyo utalala kwa ajili yao wote. Wote wanne. Na ati ukishuka tena ngazi peku atakufunga kamba."

Ndipo Anyango alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kumwomba mtu radhi. Mama Liang akaanza kumkemea kwamba mzazi halii, kulia kunaharibu macho, akampangusa kwa mkono wa gauni lake, na alipomaliza kukemea akawa analia naye.

Baadaye, walipobaki wawili, Anyango alimsimulia Sihaba habari za neno la Kariuki, jinsi alivyolipokea na jinsi lilivyomwaibisha. Sihaba alimsikiliza, akatabasamu kidogo.

"Mbona hilo na sisi tunalo? Tulifunzwa chuoni, kwenye Kurani, tungali watoto. Kwa Kiarabu rahim ni tumbo la uzazi, na rehema imetoka humo humo. Unaliomba kila siku kwa Kiswahili, mwenzangu."

Anyango alilala akilitafuna hilo. Yeye alilipokea neno kama ahadi juu ya tumbo lake, kwamba litashika, kwamba halitaachia tena. Na lilikuwa limeachia. Basi neno lilikuwa la uongo, au yeye alilipokea vibaya, au ni vipi? Akatazama chumba. Kulikuwa na giza na joto. Mlango umefungwa, upepo umezuiwa. Chakula kinakuja bila yeye kuomba, na akitaka kutoka kabla ya wakati anarudishwa ndani kwa nguvu. Akakaa kitandani ghafla. Siku zote hizo alikuwa akimuuliza Mungu juu ya tumbo lake mwenyewe. Hakuwahi kufikiri kwamba katika neno lile yeye ndiye aliyekuwa ndani ya tumbo.

Hakuelewa vizuri, na asubuhi alielewa kidogo zaidi ya hapo, na mchana akapotewa tena. Bado alitaka kumuuliza Mungu kwa nini, na bado alimuuliza. Alimfikiria yule mwanamke wa kortini, akamsikitikia kwamba hakuwa na mtu wa kumnyang'anya viatu. Lakini usiku alipolala, alilala; hakuwa na deni la kuamka. Kitu fulani ndani yake kilikuwa kimeketi chini. Kama hiyo ndiyo shalom, basi ilikuwa imekuja pamoja na mapengo yake yote manne, na hilo nalo hakuweza kulieleza.

Ndege yake ikaondoka bila yeye. Kariuki akapakia viatu vyake, akavisindikiza kwa wakala wa mizigo, akaacha risiti kwa Mama Liang akiwa amesimama mbali na ufagio. Na Jumapili simu ikalia mezani kwa Mama Liang, sauti ya mwanamume ikasema Anyango, Anyango. Mama Liang akauvuta waya ngazi zote hadi ulipogoma, akamfunga Anyango blanketi, akamleta mlangoni, akasimama upande unaotoka upepo.

"Uko wapi?" Simiyu aliuliza. "Nilikuja uwanja wa ndege. Nilisimama pale mpaka mtu wa mwisho akatoka."

"Simiyu, nimejifungua."

Waya ukakoroma. "Mapema hivi?"

"Mapema. Alikuwa mvulana. Hakuishi." Akavuta pumzi. "Niko kitandani. Nimelazwa mwezi mzima kama mzazi, wananipa supu, sishiki kazi. Nimelazwa kwa ajili yake na kwa ajili ya wale wengine. Wanne, Simiyu. Mimi nimezaa mara nne."

Alingoja. Aliogopa ataambiwa haikuwa hivyo. Alisikia mumewe akilia, kilio cha mtu asiyejua kulia, kinachokatika na kuanza upya. Kilipokatika mara ya mwisho, Simiyu akasema kwa sauti nzito, kama watu wanavyomwambia mwanamke aliyetoka kujifungua:

"Pole kwa uchungu, mama. Hongera."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Anyango aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Hongera nawe, baba," akamjibu.